Ushuhuda wa aliyepona na ukimya wa aliyezikwa

Kariakoo kuna kijiwe cha kahawa ninachopita nikitoka kazini, na wiki iliyopita nilikuta ubishi umepamba moto. Kijana anayesoma chuo alikuwa ameuliza, "Mzee wangu, kama maombi yanaponya, mbona Muhimbili imejaa?" Mzee akainua kikombe chake. "Mwanangu, hiki kikombe kimejitengeneza chenyewe?" Walibishana hadi muuza kahawa akakusanya vikombe vyake, na hakuna aliyemjibu mwenzake. Mzee alikuwa anatetea kwamba Mungu yupo. Kijana alikuwa anauliza kama Mungu anasikia. Hayo ni maswali mawili, na sehemu kubwa ya mabishano yetu ya dini hukwama kwa kuyachanganya.

Hoja ya kikombe si ya kubeza. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, aliipanga vizuri katika karne ya 11: kila chenye mwanzo kina chanzo, ulimwengu una mwanzo, basi ulimwengu una chanzo. Wengi hudhani wameivunja wakiuliza, "Na Mungu kaumbwa na nani?" Hawajaigusa, kwa sababu hakusema kila kitu kina chanzo, alisema kila chenye mwanzo. Penye ugumu ni hatua ya pili: tunajuaje kwamba ulimwengu una mwanzo? Siku hizi watu huleta nadharia ya wanasayansi ya Mlipuko Mkuu (Big Bang), kwamba ulimwengu ulianza kutanuka miaka bilioni 13.8 iliyopita. Lakini Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa nadharia hiyo, hakufurahi Papa Pius XII alipoihusisha na uumbaji mwaka 1951. Hakutaka imani iegemezwe kwenye fizikia. Nadhani alikuwa sahihi. Na hata tukimpa mzee ushindi wote, chanzo cha ulimwengu bado si yule anayeitwa saa nane za usiku na mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa.

Kwangu swali la kijana ndilo zito, na nina sababu.

Miaka kadhaa iliyopita mama yangu alilazwa katika hospitali moja hapa Dar. Nje ya wodi kulikuwa na benchi la mbao, na hapo mama mdogo alikaa na tasbihi yake. Pembeni yake alikaa mama mmoja wa Mbagala aliyekuwa akimuuguza kijana wake. Alikuwa na rozari ya shanga za buluu iliyowahi kukatika. Alikuwa ameiunga kwa uzi mweusi wa kushonea. Wawili hao walinywa uji wa chupa moja. Ukifika muda wa swala, yule mama alimshikia mama mdogo mkoba. Mama yangu alitoka siku ya 11. Kijana alifariki Alhamisi alfajiri.

Nyumbani ndugu walisema, "Mungu amejibu dua zetu." Nikaitikia, Alhamdulillahi, na nilimaanisha. Ila neno lilinikwama kooni: na yule mwenzetu wa benchini, yeye alijibiwa nini?

Wapo waliojaribu kulipima jambo hili. Mwaka 2006 daktari Herbert Benson na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali 6. Kundi la kwanza liliombewa bila kuwa na uhakika kama linaombewa. 52% wakapata matatizo baada ya upasuaji. La pili halikuombewa, nalo halikuwa na uhakika, 51%. La tatu liliombewa na likaambiwa wazi, 59%. Fedha nyingi za kazi hiyo zilitoka kwa taasisi ya Templeton, ambayo haina uadui wowote na dini.

Waumini wana majibu, na mengine yana nguvu. Waombaji walikuwa watu wasiowajua wagonjwa, wakipewa jina la kwanza na herufi ya ukoo. Ndugu wa wagonjwa wote huenda walikuwa wakiomba kwao, kwa hiyo hapakuwa na kundi lisiloombewa kweli. Zaidi ya yote, anayeomba anamwomba mwenye hiari, na mwenye hiari hapimwi kama dawa. Nakubali yote matatu.

Lakini hapo ndipo tunapotakiwa kuwa wakweli, sisi tunaosali. Ukisema maombi hayapimwi kwa nani kapona na nani hakupona, basi ushuhuda wa aliyepona nao hauthibitishi kitu. Huwezi kumpandisha aliyepona jukwaani kama hoja, halafu ukiulizwa kuhusu aliyezikwa ukasema ni siri ya Mungu. Ama wote wawili ni ushahidi, ama hakuna. Mwaka 2011 watu kwa maelfu, wakiwemo wa hapa Dar, walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Waliosema wamepona tuliwasikia. Wapo waliofia kwenye foleni, na hao hawakuwa na wa kuwasemea.

Asiyeamini naye asishangilie mapema. Uchunguzi wa Benson haukumtafuta Mungu, na anayeita maombi kupoteza muda hajakaa kwenye lile benchi. Kilichowafanya wale kina mama wasiondoke, wasikate tamaa, wapokeane zamu, kilikuwa ni kuomba. Ila siwezi kuishia hapo nikasema maombi ni faraja tu. Yule mama hakuomba faraja. Aliomba mwanawe aishi, kwa kumtaja jina, nami nilimsikia. Kumwambia kwamba kwa kweli alikuwa anajituliza ni kumnyang'anya maneno yake mwenyewe.

Ayubu, ambaye Waislamu tunamwita Ayyub, alipoteza watoto na afya akiwa mwema, na dini zetu zote zinamheshimu. Nashangaa jinsi tunavyomkumbuka kwa subira, halafu mfiwa wa mtaani tunamwuliza kama aliomba kwa imani ya kutosha.

Siku tatu baada ya mazishi, mama wa Mbagala alirudi wodini kuchukua shuka na ndoo aliyoiacha. Mama yangu alikuwa bado amelazwa. Yule mama alisimama mlangoni, akaniuliza, "Mwanangu, mama yako anaitwa nani? Jumapili nataka nimtaje kwenye misa."