Mkate wa Kumimina Anuradhapura

Mimi nilitaka Kilwa. Magofu yapo, samaki wapo, unarudi na basi. Mama Zuhura akasema Kilwa haihami, twende Sri Lanka, mji wa kale wa Anuradhapura. Kwani Anuradhapura ndiyo ilikuwa inahama? Mji uko palepale zaidi ya miaka 2,000!

Haya. Tumefika Ruwanwelisaya, hekalu la Wabudha, kuba jeupe refu kupita mita 100, ukutani limezungukwa na tembo wa kuchonga. Mlangoni tunaambiwa tuvue viatu. Nikacheka. Mimi huyu? Navua viatu misikiti ya Kariakoo tangu sijaota meno ya pili!

Kumbe msikitini unavua viatu unakanyaga zulia, feni inakupepea. Hawa wenzetu uwanja wote ni patakatifu. Mawe matupu, saa saba mchana. Na kofia nayo vua. Na hiki kipara changu! Siku hiyo ndipo nilipojua mkate wa kumimina unavyojisikia, makaa chini, makaa juu.

Bibi mmoja wa rika la mama yangu, kavaa nyeupe, kashika yungiyungi, ananipita taratibu kama yuko sebuleni kwake. Mimi naruka kama jogoo kakanyaga majivu ya moto.

Tukapanda bajaji hadi kuba jingine, Jetavanaramaya. Viatu tena. Mwenyeji wetu anaeleza kwa fahari: zamani lilifika mita 122, duniani kote ni piramidi mbili tu za Giza, kule Misri, zilizolipita, na matofali yake yanakadiriwa kuwa milioni 93. Matofali yote hayo, jamani, hakupatikana hata fundi mmoja wa kufikiria kajibaraza?

Mwisho tukaenda kwenye mti, Sri Maha Bodhi. Ni wa jamii moja na mkuyu, umepandwa mwaka 288 KK kutokana na tawi la mti ule wa India ambao Buddha alikaa chini yake. Hapo tukaelewana. Hata yeye, pamoja na hekima zote zile, alianza kwa kutafuta kivuli.

Nikajitupa mchangani, napuliza nyayo kama mtu anayepuliza uji. Mama Zuhura akakaa kando yangu, akanyoosha miguu. Natazama: soksi! Nyeupe, nene.

“Soksi zinaruhusiwa?”

“Baba Zuhura, si nilikwambia tangu Dar ufungashe soksi? Ukanijibu Sri Lanka hakuna baridi.”