Nani ataongoza serikali? Bei ya wabashiri na mipaka yake

Tangu uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2024, bei za masoko ya ubashiri zimepata heshima ambayo hazikuwa nayo. Kura za maoni zilionyesha Donald Trump na Kamala Harris wakikabana koo, ilhali Polymarket, soko la ubashiri la mtandaoni, ilikuwa inampa Trump takriban asilimia 60. Trump akashinda. Sasa kila uchaguzi unapokaribia, bei hizo zinasomwa kwenye taarifa za habari kana kwamba ni matokeo ya awali.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Unanunua hati inayosema fulani atashinda. Akishinda unalipwa dola 1, akishindwa hupati kitu. Hati ikiuzwa senti 62, maana yake wanunuzi na wauzaji wamekutana kwenye nafasi ya asilimia 62. Anayeamini nafasi halisi ni kubwa zaidi ananunua, na kwa kununua anaipandisha bei.

Wanaoyatetea masoko haya wana hoja nzito. Anayejibu kura ya maoni hapotezi chochote akisema asilolimaanisha, lakini mbashiri anaweka pesa yake. Mwaka 2024 Mfaransa mmoja aliyekuwa na dau kubwa kwa Trump aligharamia kura zake binafsi za maoni. Hakutaka kujua watu watampigia nani, aliwauliza wanadhani majirani zao watampigia nani. Aliondoka na makumi ya mamilioni ya dola. Bila faida hiyo mbele yake, asingejisumbua kuuliza. Soko la Chuo Kikuu cha Iowa, lililoanza 1988 na kwa muda mrefu likamwekea kila mshiriki kikomo cha dola 500, nalo mara nyingi limekuwa karibu na matokeo kuliko kura za maoni.

Upande wa pili una kumbukumbu zake. Siku ya kura ya Brexit, Juni 23, 2016, wabashiri waliona Uingereza itabaki Umoja wa Ulaya, ikachagua kutoka. Mei 2019 kampuni ya Sportsbet ya Australia iliwalipa waliobashiri chama cha Labor siku mbili kabla ya watu kupiga kura, takriban dola milioni 1.3 za huko, kisha muungano wa Scott Morrison ukashinda. Mei 2025 bei zilimpendelea George Simion kuwa rais wa Romania, akashindwa na Nicușor Dan.

Mtetezi atajibu kwamba kitu chenye nafasi ya asilimia 20 lazima kitokee mara moja katika tano. Ni kweli, na ni dhuluma kuliita soko la uongo kwa sababu ya uchaguzi mmoja. Lakini kwa kipimo hichohicho, ushindi wa Trump hauthibitishi kwamba soko lina macho kuliko wengine. Anayelisifu kwa 2024 aibebe na Romania.

Ninachokiona kikubwa zaidi, na kinachosahaulika, ni kwamba kujua nani atapata kura nyingi na kujua nani ataongoza serikali ni mambo mawili. Jibu la la kwanza limetawanyika kwa mamilioni ya wapiga kura, na soko ni hodari wa kukusanya vipande vilivyotawanyika. Jibu la la pili, katika nchi za bunge ambako serikali huundwa na wenye wingi wa viti, mara nyingi limo vichwani mwa watu wachache.

New Zealand ilipiga kura Septemba 23, 2017. National ilipata viti 56, Labour 46, na hakuna aliyefika 61 vilivyohitajika. Kwa karibu mwezi mzima nchi ilimsubiri Winston Peters wa chama cha NZ First, aliyekuwa na viti 9 tu, hadi Oktoba 19 alipotangaza kwamba anakwenda na Jacinda Ardern, kiongozi wa Labour. Wabashiri elfu kumi wasingeweza kujumlisha ujuzi ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa nao. Kwa Uholanzi ilikuwa vigumu zaidi: Geert Wilders aliongoza Novemba 2023 kwa viti 37 kati ya 150, na Julai iliyofuata uwaziri mkuu ukaenda kwa Dick Schoof, mtumishi wa umma ambaye hakugombea kabisa.

Tena kuna suala la nani anaamua kwamba jibu limepatikana. Julai 2024 tume ya uchaguzi ya Venezuela ilimtangaza Nicolás Maduro mshindi. Kwenye Polymarket, baada ya ubishi mkali, swali lilifungwa kwa kumpa ushindi Edmundo González. Mimi nadhani hesabu za vituo zilizochapishwa na upinzani ziliupa uamuzi huo msingi. Hata hivyo Januari 2025 aliyeapishwa ni Maduro, na aliyenunua hati ya Maduro akidhani swali ni nani atatawala alichana mkeka.

Wachache wanaojua wakiingia sokoni, bei inakuwa sahihi zaidi, na wapo wachumi wanaoona hilo ni jema. Mimi silikubali. Wiki chache kabla ya uchaguzi wa Uingereza wa 2024 ilibainika kwamba mbunge msaidizi wa Waziri Mkuu Rishi Sunak alikuwa ameweka pauni 100 kwamba uchaguzi utakuwa Julai, siku tatu kabla tarehe haijatangazwa. Aprili 2025 watu 15 walishtakiwa kuhusiana na madau ya tarehe hiyo. Fikiria sasa mjumbe wa mazungumzo ya serikali ya muungano mwenye hati mfukoni: hachumi tu kutokana na siri, anaweza kuyavuta mazungumzo kuelekea kule pesa yake iliko. Mashtaka yale yaliwezekana kwa sababu sheria ya kamari ya Uingereza ya 2005 inaharamisha udanganyifu katika dau, na kampuni za kamari zilijua wateja wao ni nani. Kwenye soko la ubashiri linalotumia sarafu za kidijitali, ambako mnunuzi anaonekana kwa anwani ya pochi yake ya mtandaoni tu, kumpata mtu huyo ni kazi ngumu zaidi. Kwa hiyo bei ya kabla ya kura naipokea pamoja na kura za maoni. Ile ya wiki za mazungumzo, wagombea wakiwa wamejifungia chumbani, siipi uzito wowote mpaka nijue ni nani wanaonunua.