Unyonge wa Queensland ni silaha

Nimechoka na unyonge wa Queensland. Kila mwaka, State of Origin, mechi za raga za majimbo mawili ya Australia, ikikaribia, wimbo ni ule ule: sisi wachache, wao wengi, sisi watu wa shamba, wao watu wa mjini, wao wana pesa, sisi tuna moyo. Kisha mpira unaanza, na hao wanyonge wanatuchapa. Nasema wanatuchapa kwa sababu mimi ni wa Blues, yaani New South Wales. Usitarajie haki ya mwamuzi katika maneno yanayofuata.

Kwa asiyeufuata mchezo huu: ni raga ya wachezaji 13, si ile ya 15 wala ya saba kila upande iliyozoeleka Nairobi. Timu yenye mpira ikiangushwa mara sita inaukabidhi kwa wapinzani. Majimbo haya mawili hukutana mara tatu kwa mwaka, Queensland wakivaa damu ya mzee na sisi buluu. Mara nyingi inakuwa Jumatano usiku kwao, ambayo Afrika Mashariki ni kama saa 7 mchana, wakati mtu mzima anatakiwa awe kazini.

Sasa turudi kwa wanyonge wetu. Tangu mfumo wa sasa wa mechi tatu uanze mwaka 1982 hadi 2025, Queensland wametwaa mfululizo (yaani ushindi wa jumla wa mechi tatu za mwaka) mara 25, sisi mara 17, na mara mbili ngoma ikaisha droo. Jimbo lao lina watu zaidi ya milioni 5, letu zaidi ya milioni 8. Kati ya 2006 na 2013 walishinda miaka minane mfululizo bila kupumzika. Mnyonge gani huyo?

Lakini ubaya wa hadithi yao ni kwamba mwanzo wake ni wa kweli kabisa. Kabla ya 1980 mchezaji alichezea jimbo analofanyia kazi, si lile lililomlea. New South Wales iliruhusu mashine za kamari kwenye klabu mwaka 1956, na klabu za Sydney zikanona. Queensland haikuruhusu. Kwa hiyo kijana akichomoza Brisbane au Townsville, Sydney inamnunua, halafu anarudi nyumbani akiwa amevaa buluu kuwafunga ndugu zake. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema, ila aliyetunzwa hapo ni yule aliyehama. Mara ya mwisho Queensland kutwaa mfululizo chini ya utaratibu huo ilikuwa 1959. Wakakaa zaidi ya miaka ishirini wakipigwa, na kwa sehemu kubwa wakipigwa na watoto wao wenyewe.

Aliyekataa kuendelea hivyo ni Ron McAuliffe, seneta na mkuu wa raga hiyo Queensland. Wazo lilishatumika kwenye mpira wa miguu wa Kiaustralia: kila mtu arudi kwao kwa usiku mmoja. Mwaka 1980 Queensland walikuwa wameshapoteza mechi mbili kwa utaratibu wa zamani, na ya tatu ikabaki ya kukamilisha ratiba. Hiyo ya kukamilisha ratiba ndiyo ikachezwa kwa utaratibu mpya, tarehe 8 Julai, Lang Park, Brisbane, uwanja uliojengwa mahali palipokuwa makaburi. Sydney wengi waliona ni kichekesho.

Nahodha wa Queensland alikuwa Arthur Beetson, mzaliwa wa mji wa Roma huko Queensland, Mwaustralia wa asili wa kwanza kuwa nahodha wa timu ya taifa. Alikuwa na miaka 35, anakula siku zake za mwisho klabu ya Parramatta, na miaka yake mizuri alikuwa ameitumikia New South Wales. Upande wa pili alikuwepo Mick Cronin, mwenzake wa Parramatta, mtu anayefanya naye mazoezi kila wiki. Beetson akamkaba kwa mkono wa juu bila kumwonea haya. Mal Meninga, ambaye siku hiyo ndiyo alikuwa anatimiza miaka 20, alipiga mikwaju saba na yote saba ikaingia. Queensland 20, New South Wales 10. Ule mkono wa Beetson bado unasimuliwa hadi leo, tena na watu waliozaliwa baadaye.

Hapo ndipo ninapowaheshimu, ingawa kwa shingo upande. Simba na Yanga wana utani wa jadi, lakini mchezaji anaweza kuvuka mtaa dirisha la usajili likifunguliwa, na tumewaona wakivuka. Origin haina dirisha. Mwaka mzima mnachezea klabu moja, mnalipwa na tajiri mmoja, kisha kwa usiku tatu mnarudishwa kila mtu alikotoka, na yule anayejua goti lako bovu ndiye anayekuja kukuangusha. Pesa haiwezi kukuhamisha upande.

Au tuseme haiwezi sana. Greg Inglis, mmoja wa nguzo za ile miaka minane, alilelewa New South Wales. Alisoma Brisbane kwa muda, akapitia klabu ya huko ya Norths Devils, na kwa kanuni za wakati ule hiyo ilitosha kumvika damu ya mzee. Mwaka 2012 kanuni zikakazwa: ikaanza kuangaliwa mtu aliishi wapi kabla ya kutimiza miaka 13. Queensland watakujibu kwamba Peter Sterling wetu alizaliwa Toowoomba, kwao. Ni kweli, na sioni kosa, maana alikulia kwetu. Inglis ndiye aliyeniuma, kwa sababu waliolia kwa miaka ishirini kwamba vijana wao wanaibwa hawakulia hata kidogo walipompata wetu.

Halafu wakaendelea kujiita wanyonge. Mwaka 1995 wangekuwa na haki: vita vya Super League, ligi pinzani iliyonyakua wachezaji, vilikuwa vimewanyima nyota wao, wakaokoteza vijana chini ya kocha Paul Vautin, wakatushinda mechi zote tatu, ya kwanza kwa 2–0. Lakini 2020? Kocha ni Wayne Bennett, mtu aliyeshinda karibu kila kitu, na kikosi kimejaa sura mpya. Magazeti ya Sydney yakaandika kwamba hiyo ni timu mbovu kuliko zote ambazo Queensland imewahi kuleta. Bennett angewalipa waandishi wale asingepata maneno mazuri zaidi. Wakachukua ya kwanza 18–14, tukawafumua ya pili 34–10 hadi tukaanza kusherehekea, wakamaliza kazi Brisbane 20–14.

Mwaka 2025 tena. Tumeshinda Brisbane, tumepoteza Perth kwa pointi mbili tu, mechi ya mwisho ni nyumbani kwetu Sydney. Siku chache kabla, nahodha wao Cameron Munster akafiwa na baba yake. Akacheza. Wakatushinda 24–12. Sitamkejeli mtu kwa msiba wake, na sidhani kuna timu yetu iliyowahi kucheza kwa ajili ya mwenzao namna ile.

Kuna jambo moja katika upinzani huu ambalo sina hamu ya kulitania. Kwa miaka mingi ngumi zilikuwa sehemu ya tangazo. Wally Lewis wa Queensland na Mark Geyer wetu wakisukumana pua kwa pua mwaka 1991, mwamuzi David Manson katikati, ile picha imeuzwa na kuuzwa tena. Ilibidi Paul Gallen wetu amshindilie Nate Myles makonde mwaka 2013, mbele ya kamera zote, ndipo wakubwa wakaamua kwamba anayerusha ngumi anatolewa nje dakika kumi. Na Lewis, mfalme wao, mwenye sanamu nje ya Lang Park, alitangaza mwaka 2023 kwamba madaktari wanaona dalili za ugonjwa wa ubongo unaotokana na kupigwa kichwani mara kwa mara. Hao wazee wanaosema mchezo umelainika wakamuulize yeye.

Ukali huu umevuka hata bahari. Papua New Guinea, ambako raga hii ndiyo mchezo wa taifa, watu hugawanyika buluu na damu ya mzee kwa timu ambazo si zao, na kuna waliopoteza maisha katika ugomvi wa mashabiki baada ya mechi.

Kwa upande wetu, nadhani tatizo la Blues ni kuchagua wachezaji bora kumi na saba na kudhani tayari ni timu. Tukipoteza moja tunabadilisha nusu ya kikosi. Wao wanamrudisha yule yule aliyecheza vibaya na kumwambia Sydney wanakucheka. Na mara nyingi tunakuwa tunacheka kweli. Kama ningekuwa na sauti New South Wales, ningeanza na wahariri: wiki ya mechi waandike habari za mvua.