Ikoni kwenye jalada: albamu ya Idoli inayogombaniwa tangu 1982

Ukitaka kuwagombanisha wapenzi wawili wa roki ya Belgrade, mji mkuu wa Yugoslavia ya zamani, taja Odbrana i poslednji dani (yaani Utetezi na siku za mwisho), albamu ya bendi ya Idoli iliyotolewa na kampuni ya Jugoton mwaka 1982. Mmoja atasema Yugoslavia nzima haikuwahi kutoa sahani ya santuri bora kuliko hiyo. Mwenzake atauliza ikoni ya mtakatifu, picha ya ibada ya Waorthodoksi, ilitafuta nini kwenye jalada la bendi ya vijana wa mjini, wakati miaka tisa tu baadaye nchi ile iliingia vitani, na alama za dini zikawa bendera za majeshi.

Lawama ya kwanza, hata hivyo, haikuhusu siasa. Ilitoka kwa wanunuzi. Idoli walijulikana kupitia Paket aranžman, santuri ya 1981 waliyoshirikiana na Šarlo Akrobata na Električni Orgazam, kisha wakatoa sahani fupi yenye nyimbo za kuchezeka kama Malena na Devojko mala, wimbo wa zamani wa filamu ambao waliufufua. Mtu aliyeingia dukani mwaka 1982 akitaka muziki wa sherehe alirudi nyumbani na jalada lenye kipande cha ikoni, na jina la albamu lililochukuliwa kwenye riwaya ya Borislav Pekić ya 1977. Riwaya yenyewe ni maneno ya mwokoaji wa watu majini anayejitetea. Haina uhusiano wowote na ibada. Ila Pekić aliwahi kufungwa kwa makosa ya kisiasa na wakati huo alikuwa akiishi London, kwa hiyo kulichukua jina la kitabu chake hakukuwa jambo dogo.

Muziki nao ulikuwa umepunguza mwendo. Bendi ilikuwa na waimbaji watatu, Vlada Divljan, Srđan Šaper na Nebojša Krstić, na albamu inategemea sana sauti zilizopandana kama kwaya. Kazi ya namna hiyo inakula studio. Chukua kanda ya njia 24, yaani yenye nafasi 24 za kurekodi sauti mbalimbali kila moja peke yake, iliyokuwa kipimo cha studio kubwa za wakati ule. Dramu peke yake huchukua njia 7, besi 1, gitaa 3, vinanda 3. Zimebaki 10. Waimbaji watatu wakiimba mstari mmoja mara mbili ili sauti inenepe, njia 6 zimekwisha. Wakiongeza mstari wa pili kwa mtindo huohuo, unahitaji 12, na wewe unazo 10. Dawa ya fundi ni kuchanganya zile 6 za kwanza kwenye njia 2, kisha kuzifuta na kurekodi juu yake. Tatizo ni kwamba kila ukihamisha, mvumo wa kanda unaongezeka, na ukishafuta huwezi tena kumpunguza mwimbaji mmoja. Bendi ya panki hailijui tatizo hili: inapiga moja kwa moja, inamaliza kwa siku chache. Kwaya inataka wiki, na kila saa ya studio ina bili.

Halafu kuna santuri yenyewe. Kwenye kingo za nje, kwa mizunguko 33⅓ kwa dakika, mfuo hupita chini ya sindano kwa takribani sentimita 50 kwa sekunde. Karibu na lebo ya katikati hushuka hadi kama 21. Sauti kali za juu hupotea huko, na herufi kama “s” huanza kukwaruza. Muziki wa makelele huficha kasoro hiyo. Muziki wa utulivu, wenye mwangwi mrefu, huianika, pamoja na vumbi na mikwaruzo yote. Naamini sehemu ya ubaridi wa wasikilizaji wa mwanzo ilitokana na hili: vinanda vya santuri vya bei nafuu vilivyokuwa majumbani havikuwa rafiki wa albamu kama hii.

Upande wa soko hauna mjadala mrefu. Mwaka uliofuata Idoli walikwenda London, wakarekodi Čokolada chini ya mtayarishaji Bob Painter, na albamu hiyo nyepesi ikauza mbali zaidi. Wakosoaji walibaki na ile ya 1982.

Swali la ikoni ndilo gumu. Wanaoitetea albamu wana tarehe mkononi: Milošević, mwanasiasa aliyeiongoza Serbia miaka ya vita, alipata umaarufu kwenye mji wa Kosovo Polje, Kosovo, Aprili 1987, miaka mitano baada ya sahani kutoka. Mwaka 1982 kijana kuvaa alama za Kiorthodoksi kulimchokoza mtu wa Chama cha Kikomunisti kilichotawala, na Idoli walikuwa na tabia ya kuchokoza. Wimbo wao Maljčiki uliudhihaki ushujaa wa mfanyakazi wa Kisovieti, na Retko te viđam sa devojkama uligusa mapenzi ya jinsia moja wakati ambapo redio zilikwepa mada hiyo. Kwa hoja hii, ikoni ni vazi jingine la jukwaani.

Hoja hiyo inakidhi nusu. Kwenye Maljčiki kejeli inasikika hata kwa asiyejua lugha, kwa vile uimbaji umetiwa chumvi makusudi. Kwenye Odbrana kejeli hiyo imeondolewa. Igrale se delije unachukua maneno ya wimbo wa ngoma ya kienyeji, mashujaa wakicheza katikati ya nchi ya Serbia, na hakuna anayekukonyeza kukuambia uyachukulie vipi. Mnamo Januari 1989 mashabiki wa Red Star, timu ya kandanda ya Belgrade, walijiita Delije, yaani mashujaa, na miaka ya vita wengine kati yao walijiunga na wanamgambo. Wimbo hauna hatia ya jambo hilo. Neno ni la zamani kuliko bendi na kuliko timu. Lakini anayeusikiliza leo hawezi kulisafisha sikio lake.

Kwangu mimi, kuondoa kejeli ndiko kulikoifanya albamu hii ipite nyingine za wimbi jipya, roki ya vijana ya miaka ile, ambazo nyingi zimezeeka pamoja na mzaha wao. Na hapohapo ndipo anayeilaumu alipopata mlango. Idoli walivunjika 1984, kabla ya yeyote kuwauliza swali hilo kwa ukali unaoulizwa sasa.