Nguru Aliyetembezwa Posta

Mtu akikupa malazi ya bure Dar es Salaam, ujue kuna mahali utatumwa. Mimi nilitumwa Feri, soko la samaki.

Nilikuwa nimekuja likizo kutoka Kisumu, mwanafunzi wa historia, mfukoni nina nauli ya kurudia na vijisenti vya chipsi mayai. Shangazi yangu ameolewa Kimara tangu sijazaliwa. Usiku alinisikia nikipanga ziara yangu ya mjini: Makumbusho ya Taifa, Sanamu ya Askari, yale makanisa ya enzi za Wajerumani kando ya bandari. Akafurahi kupita kiasi, na hapo ningeshtuka. Akasema basi la mwendokasi la Kimara linaishia Kivukoni, na Kivukoni na soko la samaki ni pua na mdomo. Basi nianzie hapo, nimchukulie nguru.

"Mzima, baba. Asikatwe, asipasuliwe. Nataka nimwone macho."

Nikauliza kama isingekuwa vyema nimnunue wakati wa kurudi. Akanitazama kwa huruma. Samaki wa jioni, kwa mujibu wa Shangazi, ni samaki aliyekataliwa na watu tangu asubuhi.

Sasa, mimi ni mtu wa ziwa. Sangara namjua, sato namjua, dagaa ndiyo usiseme. Feri sikuingia kinyonge. Madalali wanapiga kelele za bei, watu wanasukumana, maji ya samaki yanaingia viatuni, nami nikanyoosha kidole kwa mamlaka kabisa: yule pale. Muuzaji akamfunua mashavu, mekundu, akamminya ubavu, mgumu. Tukapatana. Ila nguru ni mrefu. Hilo hakuna aliyenitahadharisha. Alipomsimamisha pembeni yangu, mkia ulinipita kiuno.

Akamtia kwenye mfuko mbadala pamoja na barafu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Juni 2019, jambo jema kwa bahari na kwa samaki walio baharini. Huyu wangu alikuwa amekwisha kutoka. Kichwa kikaingia, kifua kikaingia, nusu iliyobaki ikakaa nje, na kila nikipiga hatua mkia unapunga.

Sijatoka hata getini, mama mmoja mkaanga pweza akaniita. "Mdogo wangu, huyo umemchukua bei gani?"

Nikamtajia. Akaiweka koleo yake chini kwanza.

"Umepigwa."

Bei yenyewe siitaji hapa, niliitaja vya kutosha siku ile. Njia nzima watu hawakuniuliza jina, wala nitokako, wala ninakokwenda. Muuza kahawa: bei gani? Umepigwa. Mlinzi wa benki, ambaye nilidhani ananiita kwa usalama: bei gani? Vijana wawili wa bodaboda wakabishana mbele yangu, mmoja akisema nimepigwa, mwenzake akisema hapana, bei hiyo ni ndogo mno kwa nguru wa ukubwa ule, kwa hiyo lazima ni wa jana. Huyu wa pili aliniumiza zaidi. Nikaanza kupunguza. Kila anayeuliza namtajia pungufu kidogo, na bado nimepigwa.

Njia ile inapita karibu na Ikulu ya Magogoni, mahali ambapo si pa kuzubaa na mfuko unaovuja. Nikakaza mwendo hadi Mtaa wa Shaaban Robert.

Mlangoni Makumbusho nilimkuta mlinzi, mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, macho yakiwa kwenye mkia.

"Huyo haingii."

"Mzee, ni wa shangazi yangu."

"Hata angekuwa wa shangazi yangu mimi."

Lakini alikuwa na utu. Akaniruhusu nimlaze kivulini, chini ya mti, akasema atamtupia jicho. Nikaingia mbio. Nilikuwa nimeota kusimama mbele ya Zinjanthropus, lile fuvu aliloligundua Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Nikasimama. Nikasoma kuwa lina umri wa miaka milioni 1.75, na kichwani mwangu likapita wazo moja tu: huyu amekaa ardhini muda wote huo, na wangu ana saa tatu tu na barafu imeshayeyuka. Magari ya viongozi wa zamani niliyapita kama nimechelewa basi. Nikatoka nje nikamkuta mlinzi kashika fagio, paka watatu wamemzunguka, hakuna anayerudi nyuma.

"Chukua mgeni wako," akasema, huku anahema.

Kanisa la Azania Front na la Mtakatifu Yosefu nimeyaona. Ni mazuri. Nilikuwa natembea haraka.

Nikafika kwenye Sanamu ya Askari, pale Mtaa wa Samora, Posta, katikati ya mji. Nairobi nasi tunao askari wetu wa shaba, lakini huyu wa Dar, aliyesimamishwa mwaka 1927, yuko peke yake, kainama mbele na bunduki yake, singe imeelekea bandarini. Nikauegemeza mfuko chini ili nisome maandishi. Yanawakumbuka askari waliopigana Vita Kuu, na wachukuzi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Nikasoma hapo kwenye wachukuzi, bega linaniuma, nikajiona nimetajwa.

Ndipo akaja kunguru.

Kunguru hawa asili yao India. Waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wasafishe takataka, wakavuka bahari, wakaona Dar kumewafaa. Huyu alitua juu ya nguru, akaniangalia mimi, akamwangalia nguru, akachagua. Nikavuta mfuko. Mfuko, uliokuwa umelowa tangu asubuhi, ukachanika wote, na nguru akateleza mpaka kwenye lami. Magari yakasimama. Honi. Wenzake kunguru wakashuka. Nikawa nacheza na mkoba wangu wa shule hewani, askari wa shaba na singe lake hapo hapo juu yangu, katazama bandari.

"Dogo, jicho limekwenda!" alipiga kelele muuza magazeti.

Yeye ndiye aliyeniokoa. Akaja na magazeti ya juzi, tukamkunja nguru kwa kurasa za michezo. Wakati tunamfunga, dereva mmoja akashusha kioo. Nilijua anachotaka. Kwa hasira nikamtajia bei ya chini kabisa iliyonijia, robo ya ile ya kweli. Akaegesha gari, akashuka, akanishika mkono.

"Nipeleke kwa huyo muuzaji sasa hivi."

Jinsi nilivyomkwepa ni habari ndefu.

Saa nane mchana nikapanda mwendokasi pale Posta ya Zamani. Basi lilijaa, na pamoja na kujaa nikapata nafasi ya kunyoosha miguu, na kiti, na kiti cha pembeni kwa ajili ya magazeti. Mzee mmoja peke yake ndiye aliyebaki jirani. Akanusa.

"Nguru?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Wa leo?"

"Wa leo, mzee."

Akafikiri mpaka tukapita Jangwani. "Leo gani?"

Shangazi alimfungua juu ya sinia, uani, majirani wakiwa wamekwisha kuarifiwa na upepo. Akamtazama jicho, akaridhika. Akamgeuza upande wa pili. Kimya.

"La pili liko wapi?"

"Kunguru."

"Posta?"

"Posta."

Akaguna. Akamwosha kwa ndimu nyingi sana, akamkaanga, akamtia kwenye nazi nzito. Usiku tulipokaa kula, mume wake akaniuliza nimeuonaje mji. Nikaanza kusimulia habari za Zinjanthropus, lakini Shangazi alikuwa ameshanipakulia. Kwenye sahani yangu kulikuwa na kichwa kizima, upande usio na jicho ukiwa juu.

"Huyu mmeshinda naye kutwa," akasema. "Malizaneni."