Ng'ombe wa miguu mitatu

Jumamosi iliyopita mimi na binti yangu wa miaka mitano tulikaa nyuma ya nyumba huku Chanika tukafinyanga ng'ombe, na tangu siku hiyo nina neno na wazazi wenzangu: jamani tuache kuwarekebishia watoto kazi za mikono yao.

Udongo tulichimba kwenye kichuguu kilichohamwa, maana mchwa wanakuwa washaulainisha, tukatoa vijiwe na mizizi, tukatia maji kidogo kidogo tukaukanda kama unga wa chapati mpaka ukaacha kunata. Vingine vyote tuliokota, pembe ni miiba ya mchongoma, mkia nyuzi za makumbi ya nazi, macho mbegu za papai. Zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, macho ya tipitipi, zinavutia kweli ila ni sumu kali, kwa mtoto hapana kabisa.

Sasa mwenzangu ng'ombe wake kamuwekea miguu mitatu. Mkono wangu ulishaanza kwenda kumuongezea wa nne, akamkumbatia ng'ombe kifuani, tope hadi kwenye gauni, akasema "mama, huyu wangu". Nikaacha.

Tukawaanika kivulini, maana juani udongo unawahi kukauka nje wakati ndani bado mbichi, unapasuka. Siku ya tatu wa kwangu, niliyemuwekea miguu minne ya vijiti, alikuwa na ufa kila kijiti kilipoingia, kumbe udongo ukikauka unasinyaa ila kijiti chenyewe hakisinyai, alafu anayumba. Wa binti yangu, miguu yote udongo mtupu, kasimama juu ya tofali lenye mabonde, katulia kama sufuria kwenye mafiga.

Ndo maana naumia nikikumbuka shuleni wakiambiwa walete mnyama wa udongo, usiku tunakesha sisi wazazi tunamtengeneza, tunampaka na rangi, asubuhi mtoto anabeba kitu ambacho hajakigusa hata kwa kidole na anapewa vema. Amejifunza nini pale? Mi naona bora apeleke punda asiye na masikio ila kamfinyanga mwenyewe.

Ng'ombe wetu hatujamchoma, akilowa anarudi kuwa tope. Nilimuonyesha binti yangu kwa kipande kidogo kwenye kikombe cha maji, na tangu hapo wingu likitanda tu anatoka mbio kwenda kumuingiza ndani.