Fyusheni sawa, ila kwanza tupige hesabu ya uniti

Nina mshkaji wangu mmoja, kila tukikaa kijiweni stori yake ni fyusheni tu, yaani kuunganisha atomi ndogo ndogo ili zitoe nishati, eti wanasayansi wakishaipatia basi shida ya umeme duniani kwisha habari yake, ni lazima, bila hiyo hatutoboi. Juzi nikachukua simu nikampigia hesabu kwa uniti, hizi hizi tunazonunua za luku.

Desemba 2022 pale maabara ya Livermore, Marekani, walipiga kidonge kidogo cha hidrojeni kwa leza, ikaingia nishati ya megajuli 2.05 ikatoka 3.15. Watu wakashangilia, na kusema ukweli kuzibana atomi mpaka ziungane kama kule kwenye jua si mchezo. Lakini uniti moja ni megajuli 3.6! Yaani kilichotoka pale hakifiki hata uniti, ukichemsha maji ya kuoga lita tisa kimeisha. Na kuwasha hizo leza zenyewe walivuta kwenye gridi kama megajuli 300, uniti 83 hivi, kwangu mimi huo ni mwezi mzima na friji inanguruma.

Kule kusini mwa Ufaransa nako nchi zaidi ya 30 zinajenga mtambo wa fyusheni unaitwa ITER, mkataba walisaini 2006, mwaka 2024 wakasogeza kalenda tena, sasa kuchoma diteriamu na tritiamu, yaani aina mbili za hidrojeni ambazo ndizo mafuta yake, ni 2039. Na huo ni wa majaribio tu, hautawasha hata taa ya barabarani.

Sisemi waache, waendelee, huenda nchi za baridi zisizoona jua miezi kibao zitaihitaji kweli. Ninachobisha mimi ni hilo neno "lazima". Jua lenyewe ni fyusheni, linachoma bure kila siku, na paneli zimeshuka bei mno. Wakenya wanavuna mvuke wa ardhini Olkaria, sisi bwawa la Rufiji limejengwa la megawati 2,115. Halafu na megawati zote hizo mtaani kwetu nguzo moja tu iliyoliwa na mchwa ikalala, tukakaa giza siku mbili, samaki wa kwenye friji tukagawia paka.

Nikamuuliza mshkaji, sasa huo umeme wako wa fyusheni ukifika hapa mtaani utapita wapi? Akainua macho kuangalia nguzo, wameshairudisha, imefungwa kamba kwenye mwembe wa jirani.